Picha Iliharibikia Wapi

Kompyuta ikigoma studioni, kila mtu anageuka daktari. Mpiga kamera anasema ni virusi. Mtu wa sauti anasema ni ramu, iongezwe. Mwenye kazi, aliyekuja na mkewe kuangalia tangazo la duka lao, anauliza kama programu tunayotumia ni ya kununua au ya kuokoteza, na anauliza kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo. Dogo wa chai naye akipita na birika ana lake: zima, washa. Katika miaka yangu ya kuhariri video na kupachika picha juu ya picha hapa Dar es Salaam, dogo wa chai ndiye aliyepatia mara nyingi kuliko wote, ingawa hata yeye hajui alipatia kwa nini.

Mfano wa haraka. After Effects, programu yetu ya kupachika picha, ina tabia moja iliyowatoa watu jasho: Caps Lock ikiwa imewashwa, picha inaacha kujichora upya. Iliwekwa makusudi, ili mwenye kompyuta nzito apange mambo yake bila kusubiri kila badiliko lichorwe. Na programu haifichi, inakuandikia kwa rangi nyekundu chini ya picha kwamba ukizime kitufe hicho. Nilimkuta mhariri mmoja, mtu mzima na kazi zake nzuri, amefuta programu akaiweka upya, akapakua draiva mpya za kadi ya picha kwa bando lake mwenyewe usiku kucha, na ule mstari mwekundu upo pale pale. Alikuwa ameandika jina la mteja kwa herufi kubwa. Tulipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ee, bando langu!"

Aliyenifundisha kutafuta hitilafu hakuwahi kufungua programu ya video maishani mwake. Alikuwa fundi wa redio na televisheni Kariakoo, sote tukimwita Mjomba, na kibanda chake kilijaa televisheni za chogo zilizovuliwa migongo. Nilikaa kwake nikiwa kijana asiye na shughuli, kazi yangu ikiwa kushika tochi na kufukuza watoto wasiguse waya. Fundi mchanga, televisheni ikikosa picha, huanzia kwenye antena na kupima kifaa kimoja kimoja mpaka afike kwenye kioo, na kabla hajafika jua limezama. Mjomba alipima katikati. Kama mawimbi yalikuwa salama hapo katikati, nusu yote ya mwanzo aliiacha, haigusi tena. Anakwenda kwenye nusu iliyobaki, anaikata tena katikati. Kwenye njia yenye vituo 16, vipimo 4 vinatosha. Mteja akimuuliza nini kimeharibika, alikuwa anajibu kwa swali: picha ilikuwa nzima mara ya mwisho wapi?

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Mtu akiniletea mradi wenye efekti 30 unaotoa rangi za ajabu, nauhifadhi kwa jina jipya, nazima efekti 15, naangalia. Lakini kitu ambacho vijana wengi hawakioni ni kwamba njia ya picha ni ndefu kuliko programu. Inaanzia kwenye taa. Inapita kwenye kitambaa cha kijani kinachowekwa nyuma ya mtu ili kiondolewe baadaye, lenzi, sensa, mbano ambao kamera inaufanya wakati wa kuandika faili, kadi, diski, ndipo inafika kwenye programu. Kisha inatoka, inapita kwenye kadi ya picha na waya, inaonekana kwenye kioo, na mwisho kabisa lipo jicho la mteja na matarajio yake. Programu imekaa karibu na mwisho wa msafara, mahali ambapo mabaya yote ya nyuma yanaonekana kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana inatukanwa sana.

Kazi iliyonionyesha hilo kuliko zote ilikuwa ya kwaya. Aliyewahi kukaa mbele ya televisheni Jumapili asubuhi anazijua video zetu za kwaya: waimbaji wamepanga safu, wanayumba kulia na kushoto, na nyuma yao maji yanaporomoka kutoka mlima usiokuwepo nchi hii. Kuna bustani za Ulaya, kuna ziwa lenye mabata, kuna theluji ya Uswisi. Sijaelewa mpaka leo kwa nini watu waliokulia Moshi wakiiona Kibo kila alfajiri wanataka theluji ya Uswisi, ila mteja ni mteja.

Hawa walikuwa wamerekodiwa na studio nyingine. Mwenyekiti wa kwaya alikuja na diski kwenye mfuko wa plastiki.

"Bwana Yesu asifiwe, kaka."

"Amina, mwenyekiti. Karibu."

"Wale vijana wanasema programu yao ina hitilafu. Tumeambiwa ninyi mna programu nzuri."

Tulikuwa na programu ileile. Sikumwambia.

Tulipofungua tuliona kilichowashinda. Kingo za watu zilikuwa zinachemka. Mikono ilipopiga makofi vidole vilitoweka na kurudi. Na kwenye safu ya pili kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya tatu, amevaa gauni la sateni jeupe, ambaye maporomoko ya maji yalikuwa yanapita ndani ya mkono wake, kutoka begani mpaka kiwikoni, na yeye anaimba kwa furaha bila habari.

Mwenzangu alianza palepale kubadilisha namba za efekti ya kuondoa kijani. Ukipandisha hii, mkono wa mama unarudi lakini nyuma yake linarudi na baka la kijani. Ukishusha ile, baka linaondoka na nywele za watu wanne. Unaweza kukaa hapo wiki. Mimi nilimwomba tuache rangi kwanza, tuangalie picha ya nyeusi na nyeupe ambayo programu imeichora kichwani mwake. Keylight, ile efekti inayokuja pamoja na After Effects, iliyozaliwa London katika Computer Film Company, inakuruhusu kuiona: nyeupe ni kinachobaki, nyeusi ni kinachoondoka, kijivu ni nusu kwa nusu. Kwenye picha hiyo kitambaa cha nyuma kilikuwa cheusi upande wa kushoto na kijivu upande wa kulia, kwa hiyo taa ziliangukia upande mmoja. Mkono wa mama ulikuwa kijivu. Programu haikuwa imekosea chochote. Sateni inang'aa, na kinachong'aa kinarudisha rangi ya jirani yake. Watu wale walibanwa kwenye chumba kidogo, kitambaa kikiwa karibu kuwagusa migongo, na mkono wa mama ulikuwa kweli na kijani ndani yake.

Tukarudi nyuma zaidi, kwenye klipu yenyewe kabla haijaguswa, tukaikuza mpaka nukta zikaonekana. Kingo za watu zilikuwa ngazi ngazi za vijisanduku. Hapo mhusika alikuwa kamera. Kamera nyingi za bei ya kawaida, na simu karibu zote, hutunza mwanga wa kila nukta, lakini rangi hutunza moja tu kwa kila kundi la nukta 4. Video yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina rangi ya 960 kwa 540. Jicho halina shida na hilo, kwa sababu jicho letu hufuata zaidi mwanga kuliko rangi, na waliobuni mbano huu walilijua. Ila efekti ya kuondoa kijani haina jicho. Yenyewe inatazama rangi, na rangi imeshapunguzwa mpaka robo kabla faili haijafika kwako. Hakuna namba ya kubadilisha inayorudisha kilichotupwa kwenye kadi ya kamera.

Kijani chenyewe kilichaguliwa kwa sababu ya hiyohiyo kamera. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi ambao mpaka leo umo kwenye sensa nyingi: nusu ya vituo vya sensa husoma kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani ndicho kinachosomwa vizuri zaidi, chenye chengachenga chache. Enzi za filamu za mkanda walitumia zaidi bluu. Bingwa wa mambo hayo alikuwa Petro Vlahos, ambaye kazi yake ya kutenganisha rangi ilitumika kwenye Ben-Hur ya mwaka 1959, na ambaye pia alihusika na njia ya ajabu iliyotumika kwenye Mary Poppins ya mwaka 1964: pazia jeupe limulikwe kwa taa za sodiamu, ndugu za zile taa za njano za barabarani, na ndani ya kamera kioo maalumu kigawe mwanga huo wa njano uende kwenye mkanda wake peke yake. Wale hawakuhangaika na sateni. Rangi ya pazia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nguo ya njano ya mwigizaji haikuathirika.

Sisi ya njano ilituathiri. Kwaya ile ilivaa skafu za njano, na baada ya kusafisha kijani kilichowaangukia usoni, mwenyekiti alikuja kuangalia akashtuka. "Kaka, hizi skafu ni za machungwa. Machungwa ni kwaya ya vijana."

Hapa naomba nikae kidogo, maana ni mahali ambapo watu hudhani programu imeharibika. Njia ya kawaida ya kufuta kijani kilichomrukia mtu ni kanuni moja fupi: kijani cha nukta yoyote kisizidi wastani wa nyekundu na bluu yake. Chukua skafu ya njano yenye nyekundu 240, kijani 200 na bluu 20. Wastani wa 240 na 20 ni 130. Kijani kinakatwa kutoka 200 mpaka 130, na hiyo ni rangi ya machungwa, tena lililoiva. Kuna kanuni nyingine iliyo laini: kijani kisizidi ile kubwa kati ya nyekundu na bluu. Kwa kanuni hiyo skafu inapona, kwa kuwa 200 haizidi 240. Tatizo linahamia kwenye ngozi zetu. Shavu lenye nyekundu 120, kijani 85 na bluu 60 likirukiwa na kijani mpaka 105, kanuni laini inaliacha hivyohivyo, kwa sababu 105 bado ni chini ya 120, na mwimbaji anabaki na uso wa mtu anayeumwa nyongo. Kanuni kali inalishusha mpaka 90, na uso unarudi. Basi tukatumia zote mbili: kali kwa watu, laini ndani ya maski tulizochora kuzunguka skafu. Skafu moja moja, na watu wanayumba.

Mkono wa mama tulichora kwa mkono. Fremu 25 kila sekunde, na alikuwa anapenda kuupunga. Wimbo wa pili tuliwaambia tutarekodi wenyewe, na tukarekodi kwenye ukumbi wa kanisa: kitambaa cha pamba kisichong'aa, kimepigwa pasi na kuvutwa pande zote, kitambaa kikiwa na taa zake na watu wakiwa na zao, watu mita 3 mbele ya kitambaa. Kwa kuwa ukumbi haukutosha kwaya nzima kwa umbali huo, kamera ilifungwa isitikisike, kila safu ikaimba peke yake kwa kufuata wimbo kwenye spika, nasi tukazipanga safu baadaye. Mama tulimpeleka safu ya mbele. Kijani kiliondoka kwa namba zilezile za mwanzo za efekti, karibu bila kuguswa. Mwenyekiti aliamini kabisa kwamba tumenunua programu mpya.

Kuna aina ya mteja ambaye kitambaa chochote hakimfai. Mchambuzi wa mpira akija na jezi ya Yanga, kitambaa cha kijani kinamla kifua kinabaki kichwa kinachojadili ligi. Ni hivyo hivyo kwa kada wa chama tawala aliyevaa sare. Unamhamishia kwenye bluu. Anayefuata amevaa jezi ya bluu ya Taifa Stars. Na siku ya mkutano wa hadhara kila mtu ana beji ya bendera kifuani, bendera yenye kijani na bluu pamoja, hivyo hata ufanyeje kitatoboka kitu. Beji tunazichorea maski na maisha yanaendelea.

Kazi za vioo vya simu zina hila zake. Tangu kutuma pesa kwa simu kuanze, Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata, sijui kama kuna mwandishi wa filamu ambaye hajaweka tukio la mtu anayesoma ujumbe kwenye simu na uso ukabadilika. Mwongozaji anataka mtazamaji asome kiasi na jina la mtumaji. Ukipiga kioo halisi, kinawaka kupita kiasi na herufi hazisomeki. Kwa hiyo ujumbe unapachikwa baadaye, na vijana wanachofanya ni kuweka picha ya kijani kitupu kwenye simu na kupandisha mwanga mpaka mwisho. Matokeo yake simu inakuwa taa. Kidole gumba kinakuwa kijani, kidevu kijani, na ukikitoa kijani unatoa na ukingo wa kidole.

Mimi hupenda simu iliyozimwa, au yenye kijivu cheusi, na alama 4 ndogo kwenye pembe. Kioo cheusi kinatunza kitu cha thamani sana: mwako wa balbu, kivuli cha mkono, alama za vidole vyenye mafuta. Ujumbe ukiuweka juu kwa njia ya kuchanganya inayoongeza mwanga tu bila kuupunguza, vitu vyote hivyo vinabaki juu ya maandishi, na ndivyo vinavyomwambia mtazamaji kwamba anaangalia kioo. Kidole kinachopita mbele lazima kichorewe maski, hilo halikwepeki, ingawa brashi ya kuchagua mtu iliyoingia After Effects mwaka 2010 imepunguza maumivu.

Kuna filamu moja ambayo tukio lake la simu liliwasumbua watu kwa muda mrefu kabla halijafika kwangu. Mama yuko jikoni, umeme umekatika, kibatari kipo mezani, anasoma kwamba mwanawe ametuma pesa. Kila aliyeliona alisema maneno yaleyale: "Imebandikwa." Kwa kuwa ilionekana imebandikwa, wote walishughulikia ubandikaji. Walirudia kuufuatisha ujumbe na mwendo wa simu kwa programu tatu tofauti, wakazisahihisha pembe fremu kwa fremu. Niliweka mistari juu ya pembe za simu nikaichezesha taratibu. Haikuteleza hata nukta. Basi nusu hiyo ya kazi ilikuwa nzima tangu zamani.

Nikaficha ujumbe, nikamwangalia mama peke yake. Uso wake ulikuwa wa kibatari, chungwa, mwanga ukitoka kushoto. Kidevu kilikuwa giza. Nikaurudisha ujumbe: kioo cheupe kinawaka sentimita chache chini ya kidevu, na kidevu bado giza. Simu ile haikuwa inamulika kitu chochote. Nilichora doa laini la mwanga wa baridi chini ya taya na kwenye ncha ya pua, dhaifu sana, linaloongezeka pale anapoisogeza simu karibu. Nikaupa ujumbe chengachenga sawa na za kamera, kwa sababu picha yote ilikuwa na chenga za giza na maandishi peke yake yalikuwa safi. Pembe sikuzigusa. Mwongozaji alipoiona aliuliza nimetumia programu gani kuifuatisha simu.

Hitilafu nyingine hazimo kwenye picha kabisa. Kuna studio ambayo kompyuta yao ilizimika katikati ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, karibu kila siku, saa mbili usiku. Walishasema mradi umeharibika, wakaujenga upya. Asubuhi mradi huohuo, ulioharibika, ulirenda wote bila shida. Kitu ambacho ni kizima asubuhi na kigonjwa usiku hakijaharibika chenyewe. Tuliweka mita kwenye soketi jioni, na volti zilikuwa zinacheza chini ya 190 badala ya 230: jirani alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, anafanya kazi jua likipoa, na kila alipogusa chuma kadi ya picha, ambayo wakati huo ilikuwa inavuta umeme kwa nguvu zote, ilikosa. Dawa ilikuwa stebilaiza, na kupanga kurenda alfajiri.

Ramu nayo inasingiziwa, ingawa hapo hesabu ndiyo inayoamua. Fremu moja ya 3840 kwa 2160 yenye chaneli 4, kila chaneli ikiwa na biti 32, inachukua karibu megabaiti 133. Sekunde moja ya fremu 25 ni zaidi ya gigabaiti 3. Mtu mwenye ramu ya gigabaiti 16 akilalamika kwamba picha inacheza sekunde mbili tatu na kusimama, kompyuta yake iko sawa, imejaa tu. Mara nyingi nakuta mradi uliwekwa biti 32 kwa ajili ya efekti moja ya kung'arisha ambayo ilishafutwa. Ukiurudisha biti 16, kila fremu inakuwa nusu ya uzito.

Na lipo jicho la mteja. Alikuja mmoja amekasirika kwamba filamu yake ya maelezo, aliyoipenda kwenye kompyuta yetu, nyumbani imepauka, nyeusi zote zimekuwa kijivu. Video za televisheni huandika nyeusi kwenye namba 16 na nyeupe kwenye 235. Kompyuta inahesabu toka 0 mpaka 255. Kifaa kimoja kikiandika kwa lugha moja na kingine kikasoma kwa nyingine, nyeusi inapanda. Tulikwenda nyumbani kwake na diski. Kwenye televisheni palikuwa na chaguo moja la waya, lilibadilishwa kwa rimoti, na nyeusi ikarudi. Halafu akatuomba turudishe pia ile hali ya picha ya rangi kali ambayo watoto wameizoea kwenye katuni. Tukairudisha.

Siku hizi nasikia kitambaa cha kijani kimepitwa na wakati. Tamthilia ya The Mandalorian ya mwaka 2019 ilimweka mwigizaji mbele ya ukuta wa LED unaoonyesha jangwa lenyewe, mwanga wa jangwa ukamwangukia usoni bila mtu kuuchora, na hapa mjini kuta za LED zinakodishwa kwa kila hafla. Simu ninazopigiwa zimebadilika kidogo tu. Juzi alinipigia kijana mmoja kutoka ukumbini, nyuma yake watu wanapima vipaza sauti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sema."

"Ukuta unaleta mistari. Nahisi programu ya kuuchezesha imekorofisha, nataka niifute niiweke upya."

"Subiri. Ukiuangalia kwa macho yako, mistari ipo?"

"Kwa macho haipo."

"Kwenye kamera?"

"Imejaa."

Hapo programu ilishatoka, na kompyuta, na waya, na ukuta.

"Kamera iko fremu ngapi?"

"Thelathini. Shata moja kwa sitini."

Umeme wetu ni wa hezi 50. Taa za ukumbi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha kwenye ukuta kama ule nayo inaweza kuwa inakuja kwa mwendo wa 50. Shata ya moja kwa hamsini inameza mipepeso miwili kamili kila mara. Ya moja kwa sitini inakatia katikati. Nikamwambia aweke fremu 25 na shata moja kwa hamsini. Akanyamaza kidogo.

"Imepungua sana kaka. Ila kuna mengine kama mawimbi, nikisogea yanasogea."

"Hayo ni vidoto vya ukuta vinapigana na vidoto vya sensa. Ukuta usiwe kwenye fokasi. Msogeze mtangazaji mbele."

"Jukwaa limeishia hapo."

"Basi kamera iende mbele, imkaribie yeye."

"Hapo mbele pamewekwa viti vya mgeni rasmi."

"Ameshafika?"

"Bado."

"Basi nipe MC niongee naye."